Ufunguo wa Nyumba ya Khadidja

Ijumaa, 12 Aprili

Mdogo wangu Khadidja, assalam alaykum. Mi dada yako Sijaona nakusalimia kutoka hapa Carama, na si mi peke yangu. Anakusalimia mume wangu Shakuru, magoti yake yamepoa kidogo tangu Idi, anauliza kama huko Muscat kuna mafuta mazuri ya kuchua. Anakusalimia Twalibu wetu, bado anatengeneza pikipiki pale kwenye barabara ya lami, mikono haitakati hata ukiisugua na majivu. Anakusalimia mke wake, mama Khaled. Anakusalimia Khaled mwenyewe, ana miaka minne sasa, ukimuuliza bibi Khadidja yuko wapi ananyoosha kidole juu, kwa sababu mara ya mwisho ulipokuja likizo alikuona unapanda ndege. Anakusalimia Hayat, yuko mwaka wa pili pale chuo, kila asubuhi anapanda bisi mpaka Mutanga Sud na kila jioni anabishana na redio. Jirani Concilie, yule muuguzi, naye anakusalimia sana. Kuku wako mmoja anakusalimia. Yule mwekundu nitakueleza siku nyingine.

Hii kaye ya kuandikia nimeinunua kwa sababu simu yetu haitoshi. Mama wa kazi yako anakupa dakika tano siku ya Ijumaa, tena anasimama pembeni anasikiliza. Raïssa, yule binti uliyemtafutia kazi nyumba ya jirani na tajiri wako, anaondoka mwezi wa tano. Ndiye atakuletea. Mi shule niliiacha darasa la nne, unajua, kwa hiyo usinicheke maandishi.

Nyumba yako iko salama. Kila Ijumaa nafungua madirisha, nafagia, nafuta vumbi kwenye ule mlango wa buluu, nafunga. Ufunguo unakaa kwenye pembe ya kitenge changu, nimeufunga fundo mbili.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua.

Jumatatu, 15 Aprili

Mvua tena. Nguo hazikauki, nimezianika jikoni, zinanuka moshi.

Jumatano, 17 Aprili

Khadidja, ziwa limeingia Kajaga. Watu wamefika hapa na magodoro kichwani, shefu wa karitiye, mkubwa wa mtaa wetu, amewaweka pale shule ya msingi. Waliokosa nafasi ndani ya madarasa wamejengewa mahema ya shitingi za plastiki uwanjani, na wewe unajua ule uwanja unavyoshika maji.

Jioni Hayat aliingia na mwanamke mmoja, Spéciose, yule muuza samaki wa ndagala wa Kajaga ambaye nilikuwa nanunua kwake. Yuko na watoto wawili na mama yake mzee. Nyumba yao maji yamefika dirishani. Niliwapa chai na mihogo, wakala, wakashukuru, wakarudi kwenye shitingi yao. Walipotoka tu Hayat akasema nyumba ya mama mdogo ina vyumba viwili na salon ya kukaa wageni, na ndani hakuna hata panya.

Twalibu alikuwa ananawa mikono. Hakugeuka. Akasema, "Ile nyumba si yetu."

"Iko tupu," Hayat akamwambia.

"Tupu ndiyo, lakini iko na mwenyewe. Mama mudogo anaosha vyoo vya watu huko Uarabuni miaka saba kwa ajili ya ile nyumba. Alimwachia mama ufunguo. Hakutuachia nyumba."

Hayat akasema mama mdogo angewaona wale watoto kwenye matope angeufungua mlango yeye mwenyewe. Twalibu akasema basi aulizwe. Wakanitazama wote wawili. Mi nikasema chakula kinapoa.

Alhamisi, 18 Aprili

Nimeshika ile fundo ya kitenge mara nyingi leo mpaka kona imechafuka.

Ijumaa, 19 Aprili

Leo nitakuandikia aibu yangu.

Nilijiandaa tangu asubuhi. Nilikuwa nimepanga maneno: Khadidja, kuna watu wa Kajaga hawana pa kulala, nifungue au nisifungue. Maneno machache tu, hata Khaled angeyakumbuka. Simu ikalia baada ya swala. Ukasema, dada hujambo. Nikasema sijambo. Ukauliza shemeji, ukauliza magoti yake, ukauliza Twalibu, na mke wake, na mtoto, na kazi, na Hayat, na masomo, na Concilie. Ningekukata vipi? Mtu akikatiza salamu, yule wa mbali anajua kuna msiba. Ningekutia hofu bure na huyo mama amekusimamia pembeni. Nikakujibu moja moja. Halafu na mimi nikakuuliza mgongo wako, na joto la huko, na watoto wa tajiri kwa majina yao. Nilipofika kusema, "Sasa Khadidja, kuna neno," simu ikanyamaza.

Hayat akaniangalia. "Mama, dakika tano zote ni salamu?"

Shakuru alicheka mpaka akakohoa. Twalibu hakucheka. Alisema tu kwamba mama mdogo hakusema ndiyo. Hayat akamjibu kwamba hakusema apana vilevile. Basi ndiyo wakamaliza chakula hivyo, kila mmoja na sahani yake upande wake.

Jumamosi, 20 Aprili

Baada ya kazi za pamoja za Jumamosi shefu alituwekea kikao pale shuleni. Mzee Sylvère alisema kwanza. Unamkumbuka, yule aliyestaafu kazi ya serikali, anavaa koti hata jua likiwaka. Alisema watoto wa karitiye hawajasoma siku nne sasa, kwamba watu wa Kajaga wapelekwe wote pamoja kule kilimani serikali ilikotoa kiwanja, wawe mahali pamoja na majina yao yaandikwe, wasitawanyike kwenye nyumba za watu mpaka kesho hakuna anayejua nani ni nani. Alisema mlango wa mtu ni wa mtu.

Concilie alisimama na sare yake ya kazi. Alisema kule kilimani hakuna maji wala dispensari. Alisema hapa karitiye amehesabu nyumba tisa zilizofungwa, na haiwezekani mtoto akohoe nje ya nyumba iliyofungwa.

Nikadhani kila mtu anaitazama pembe ya kitenge changu.

Halafu Hayat, mtoto niliyemzaa mimi, akamwambia Mzee Sylvère mbele ya watu wote, "Mzee, we unapenda makufuli kuliko watu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Twalibu ndiye aliyekwenda kwa mzee, akainama, akamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu. Mzee akamwambia haina neno, akafunga vifungo vya koti lake. Njiani Hayat akamwuliza kaka yake nani alimtuma kuomba radhi. Sasa hawasemeshani.

Mi nilikuwa upande wa Hayat moyoni, nakuambia kweli. Nilimwona Twalibu amekuwa mkavu. Nikajiuliza nilimnyonyesha nini huyu.

Jumatatu, 22 Aprili

Mvua, na redio. Kwenye redio walizungumza kuhusu mabinti kurithi mashamba ya baba zao. Hayat akasema, akiongea na ukuta, kwamba mtoto ni mtoto. Twalibu akasema, akiongea na Khaled, kwamba wazee hawakuwa wajinga, waliogopa shamba likikatwa vipande familia nzima inakosa pa kusimama. Nikasikia ni yaleyale ya ufunguo, yamevaa nguo nyingine tu. Shakuru akazima redio, akasema betri ni yake.

Jumanne, 23 Aprili

Nilipeleka uji kule uwanjani. Kuzunguka shitingi ya Spéciose, na zile za jirani zake, nikaona mfereji umechimbwa vizuri, kina cha goti, maji yanapita pembeni yanakwenda barabarani. Nikamwuliza nani amechimba. Akacheka.

"Ni mwana wako, mama. Amenikataza kusema. Anakuja kila siku akitoka kazini. Na lile jiko la mkaa ametengeneza yeye, na bibi amemletea koti."

Nikasema koti gani. Lilikuwa koti lake la mvua, Khadidja, lile ulilomtumia wewe. Ndiyo maana amekuwa akirudi nyumbani amelowa na mi namgombeza.

Nilikaa pale juu ya ndoo iliyogeuzwa muda mrefu. Uji ukapoa.

Ijumaa, 26 Aprili

Simu haikulia. Nimefagia nyumba yako. Iko kavu kabisa ndani, mpaka nimeona haya.

Jumamosi, 27 Aprili

Nilimfuata Twalibu garajini kwake, nikakaa kwenye tairi. Nikamwambia nimeuona mfereji. Akaendelea kufungua nati.

Nikamwuliza, mwanangu, kama unawaonea huruma hivyo, kwa nini unakataa mlango?

Akasema koti ni lake, mikono ni yake, hivyo anatoa. Nyumba si yake. Halafu akaweka spana chini. "Mama, mi nilikuwa na miaka sita. Nakumbuka."

Nikajua mara moja. Ile siku tuliporudi kutoka Uvira, tulikokuwa tumekimbilia wakati wa vita. Ulikuwa na sisi, Khadidja. Tulisimama mbele ya nyumba ya baba kule Buyenzi, na ndani mlikuwa na watu wengine, na mapazia yetu bado yananing'inia, na yule mwanamume akatuambia hapa si kwenu. Twalibu alikuwa amenishika sketi. Anasema anakumbuka kwamba yule mtu hakuwa na sura mbaya. Alikuwa na mtoto mgongoni. Labda na yeye mtu alimfungulia kwa huruma, anasema, siku chache tu, mpaka hali itulie. "Na hatukuipata tena nyumba ya babu, mama. Mpaka leo."

Hayat alizaliwa baadaye sana. Yeye hajui kusimama mbele ya mlango wako mwenyewe.

Jumanne, 30 Aprili

Maharage yameungua. Mvua.

Ijumaa, 3 Mei

Simu haikulia tena. Mama Khaled anasema labda tajiri wako amesafiri na simu.

Leo wakati wa kula nimewaambia watoto jambo ambalo nilikuwa sijawaambia. Wewe unalijua, lakini naliandika ili uone nilivyolisema.

Niliwaambia: ile siku tulifukuzwa mlangoni, Twalibu, unakumbuka ulilala wapi? Akafikiri. Akasema kwenye chumba chenye ukuta wa kijani. Nikamwuliza kilikuwa cha nani. Hakujua. Alikuwa amechoka, alilala kabla hatujamvua viatu.

Kilikuwa cha Abdu, yule dereva wa lori. Alikuwa amekwenda Kigoma, akamwachia jirani ufunguo. Yule jirani, mwanamke hata hatukuwa ndugu naye, alituona tumekaa barabarani, akaingia ndani kwake, akatoka na ufunguo. Akafungua. Hakumwuliza mtu. Wewe Khadidja ndiye uliyebeba godoro, ulikuwa msichana mwembamba, godoro linatembea peke yake barabarani na miguu miwili chini. Tulikaa wiki tano. Tuliutia ukuta wa watu moshi. Abdu aliporudi tulikuwa tumeshahama, na yule mama ndiye aliyebeba maneno yote, mtaa mzima ukasikia. Nami badala ya kwenda kumwomba Abdu radhi, nikawa napita njia ya nyuma. Mpaka akafa nilikuwa napita njia ya nyuma.

Hayat akamgeukia kaka yake. Akasema, "Unaona?" Lakini nikamwambia angoje. Yule mama alifanya wema, na alimkosea Abdu, yote mawili kwa ufunguo mmoja. Mi siwezi kuchagua moja nikatupa jingine.

Twalibu hakumaliza chakula. Alisema tu, "Hukuniambia." Hakusema kwa hasira.

Nimekaa nafikiri. Hayat akitazama, wa kwanza anayemwona ni mtu aliye nje. Twalibu akitazama, wa kwanza anayemwona ni yule asiyekuwepo kujisemea. Nilikuwa nadhani mmoja ana roho na mwingine ana kanuni. Sivyo. Ni roho mbili, kila moja iliumizwa, au haikuumizwa, mahali pake.

Jumamosi, 4 Mei

Leo tumepiga kura, watu wa Kajaga wapelekwe kilimani au wafunguliwe nyumba hapa. Shefu hakutaka makaratasi, alisema karatasi inaleta maneno. Sylvère akasimama karibu na nguzo ya bendera, Concilie akasimama karibu na robine ya maji, na kila kichwa cha mtu mzima kikaenda kusimama nyuma ya yule anayemkubali. Hakuna pa kujificha, mdogo wangu. Twalibu alikwenda kwenye nguzo, Shakuru akamfuata polepole na magoti yake. Hayat alikuwa robineni. Mi nilibaki katikati na mwavuli kama mtu aliyepotea njia ya soko, mpaka shefu akasema, "Mama Twalibu, tunalowa."

Nikaenda kwa Concilie. Nilipopita mbele ya Twalibu hakuangalia chini. Alinisogezea mwavuli uliokuwa umepinda, ukanyooka. Basi.

Nguzo imeishinda robine kwa watu kumi na mmoja. Lori litakuja Jumanne kuwapeleka kilimani. Ila Mzee Sylvère mwenyewe alinyoosha mkono, akasema nyumba itakayotaka kumpokea mtu kwa hiari yake iandikishe jina kwake kabla ya Jumanne, na hakuna atakayeulizwa. Hakulazimishwa kusema vile. Hayat alimtazama kama anamwona siku ya kwanza.

Jumapili, 5 Mei

Asubuhi nilisikia kitu kinaburutwa. Twalibu alikuwa anatoa kitanda chake yeye na mkewe chumbani, anakipeleka salon. Nikamwuliza nini. Akasema ameshakwenda kwa Mzee Sylvère kuandikisha Spéciose na wake. "Hiki chumba nilijenga mi. Sihitaji kuuliza mutu."

Kitanda kilikwama mlangoni. Hayat alikuwa anapiga mswaki uani. Alitema, akafuta mdomo, akaja akashika upande wa pili. Twalibu akasema kushoto, naye akapeleka kushoto.

Jumanne, 7 Mei

Lori limeondoka na mvua. Mzee Sylvère aliwabebea magodoro yeye mwenyewe, koti lote limeharibika. Hayat alimpelekea chai. Sijui walizungumza nini, lakini mzee alikunywa vikombe viwili.

Tuko watu kumi ndani ya nyumba yetu. Khaled amefurahi sana, anadhani ni arusi.

Jumamosi, 11 Mei

Bati letu linavuja juu ya kile chumba. Tumeweka sufuria tatu. Mama yake Spéciose anakohoa.

Jumanne, 14 Mei

Leo maji yameingia chini ya mlango wetu. Si mengi, lakini yamekaa. Bibi ana homa. Concilie alikuja akamsikiliza kifuani, akasema dawa bila sakafu kavu ni kazi ya bure. Spéciose alianza kufunga nguo zao, anasema watakwenda kilimani kwa miguu, wasitutie matatani.

Nikatoka uani. Twalibu akanifuata.

"Mama, ufunguo unao we," aliniambia. "Mi sitasema ndiyo, kwa sababu si yangu. Ukifungua, sitakulaumu. Na godoro nitabeba mi."

Khadidja, nilifungua zile fundo mbili kwa meno.

Nimefungua chumba kimoja, kile cha nyuma. Salon nimeifunga, na chumba chako chenye masanduku nimekifunga. Amelala bibi peke yake, na mi nalala mkekani pembeni yake, ili nyumba isiwe na mgeni bila mwenyeji. Hakuna jiko lililowashwa ndani. Ukuta wako hauna moshi. Twalibu aliingia na godoro kichwani, akalitua, akasimama anatazama dari uliyoijenga, halafu akavua viatu alivyokuwa amesahau kuvivua, akafuta matope yake na shati lake.

Ijumaa, 17 Mei

Simu haikulia. Homa ya bibi imeshuka. Ameniuliza nyumba hii nzuri ni ya nani. Nikamweleza habari zako. Akauliza kama unajua kwamba yuko hapa. Nikamwambia nakuandikia.

Jumapili, 19 Mei

Mvua imekata tangu jana. Raïssa anapita kesho asubuhi kuchukua hii kaye, kwa hiyo naifunga.

Mdogo wangu, sijitetei. Sipendi kupita njia ya nyuma kwako miaka yote iliyobaki. Spéciose anasema ziwa likirudi atarudi Kajaga, lakini ziwa halina tarehe, na ndiyo maana Twalibu anaogopa, na ana haki ya kuogopa. Hayat anasema utakubali. Twalibu anasema uulizwe. Na mi nimefanya la Hayat, na sasa nafanya la Twalibu.

Raïssa ameahidi utaipata kabla ya Ijumaa. Ukipewa simu siku hiyo, nakuomba usitusalimie. Salamu zetu zote umezisoma ukurasa wa kwanza, mmoja mmoja, na magoti ya shemeji yamo. Usiniulize hujambo. Nikipokea tu, sema kwanza bibi akae au atoke. Ukisema atoke, atatoka siku hiyohiyo, na Twalibu atambeba mgongoni mpaka kwetu. Ukisema akae, nitamwambia ni wewe uliyesema.

Fanya haraka unijibu, Khadidja. Ufunguo hautaki kukaa tena kwenye pembe ya kitenge. Nimeushika mkononi.